Siti imegeuka rangi, inanuka au inanata? Tafuta sababu kabla ya kununua dawa

Asubuhi moja dereva wa watalii alinijia Mwanakwerekwe, hapa Unguja, ninaposafisha ndani ya magari, na Noah yenye siti za kitambaa cheupe cha maziwa. Jana yake abiria alimwaga urojo, ule mchuzi wetu wa bizari ya manjano, kwenye siti ya nyuma. Dereva akakimbilia sabuni ya mche, akasugua, na doa lililokuwa la manjano likageuka jekundu. Akaongeza sabuni, likazidi kuwa jekundu. Alipofika kwangu alikuwa hana raha kabisa: "Yakhe, siti nimeiua?"

Hakuiua. Nilikamua ndimu kwenye kikombe cha maji, nikachovya kitambaa, nikagonga pale palipowiva. Wekundu ulirudi kuwa manjano mbele ya macho yake. Hakuna miujiza hapo: bizari ya manjano ndiyo tabia yake. Ikikutana na sabuni kali ya kufulia, ya mche au ya unga, huwa nyekundu. Ikikutana na kitu kichachu, hurudi rangi yake. Ila kurudi manjano si kutoka. Nilimalizia kwa matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye nusu lita ya maji, nikagonga kwa kitambaa cheupe bila kusugua, nikasuuza, na kile kivuli kilichobaki nikakiachia jua. Manjano hayavumilii jua. Milango wazi siku mbili tatu, kitambaa husafika chenyewe. Kwa siti ya ngozi usifanye hilo la jua, sababu yake utaiona mbele.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa nusu ya magari ninayoletewa yameumizwa na dawa, si na uchafu. Mtu anaona doa, anakwenda Darajani, ananunua chupa yenye picha ya gari linalong'aa, anapaka. Hajui siti ni ya kitu gani, wala doa ni la nini.

Umekalia nini?

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na muuzaji akisema "siti za leza" anaweza kumaanisha vitu vitatu tofauti. Kuna ngozi ya mnyama iliyopakwa rangi na utando wa kinga juu yake. Hiyo ndiyo ngozi ya magari mengi. Kuna ngozi isiyo na utando, laini sana, ya magari ya fahari, ambayo huku ni nadra. Na kuna leza ya bandia, yaani plastiki juu ya kitambaa. Mara nyingi siti moja huwa na vyote: pale unapokalia ni ngozi, ubavuni na mgongoni ni bandia.

Bonyeza kwa dole gumba. Ngozi hukunjamana kulizunguka dole, vijimistari vidogo kama kiganja cha bibi. Bandia hubonyea tu kama mpira. Kisha tia tone moja la maji pahala pasipoonekana. Likikaa juu kama tone kwenye jani la mgomba, kuna utando. Likinyonywa na pale pakawa peusi, ngozi iko wazi au utando umekwisha, na hapo usitie sabuni yoyote isipokuwa iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi ya aina hiyo.

Ngozi iliyotengenezwa kiwandani ina uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo ambacho 7 ni katikati na chini yake ni uchachu, iko kwenye 4 au 5 hivi. Sabuni ya mche hufika 9 hadi 10. Kuosha ngozi kwa sabuni ya mche mara moja hakutaiua, lakini kila Ijumaa kwa mwaka mzima utaiona inakakamaa. Kwa hiyo chupa ninayoitafuta dukani ni ile iliyoandikwa pH 7 au chini kidogo, isiyo na harufu ya amonia, na isiyojisifu kwa kung'arisha. Nikiikosa, shampuu ya watoto wachanga, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, hufanya kazi kuliko nusu ya chupa za bei mbaya.

Jana imekauka, asubuhi ina unyevu tena

Hili ni letu sisi wa visiwani, na sijawahi kuliona limeandikwa kwenye chupa yoyote. Mgeni anatoka kuogelea Paje au Kendwa, anakaa na nguo mbichi. Dereva anaanika siti, inakauka kabisa saa kumi jioni. Asubuhi akiigusa, ina ubaridi na unyevu kama imepigwa na umande. Anaanika tena. Kesho hivyo hivyo.

Maji yamekauka lakini chumvi imebaki, na chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewa. Usiku hewa yetu ina maji mengi, siti inakunywa. Kuanika hakusaidii hata ukianika mwezi, wala kunyunyiza manukato, na dawa za povu ndizo mbaya zaidi kwa sababu zinaacha sabuni juu ya chumvi. Kinachotakiwa ni kuitoa chumvi kwa maji baridi. Loanisha kitambaa cha siti kwa maji matupu yasiyo ya bahari, kisha nyonya kwa mashine ya kunyonya maji au kwa taulo kavu unalolikandamiza kwa magoti. Rudia mara tatu. Ukitaka kujua kama imebaki, gusa ncha ya ulimi kwenye taulo la mwisho. Watu hucheka nikifanya hivyo, lakini mie sina kipimo kingine.

Maji ya kusuuzia nayo yana mambo. Visima vya Unguja vinatoka kwenye mawe ya chokaa, na maji hayo yakikauka kwenye kitambaa cheusi huacha ramani nyeupe. Ninaweka dumu la maji ya mvua kwa ajili ya mkono wa mwisho tu.

Na usimwage maji ovyo. Chini ya siti kuna nyaya. Zile zenye soketi za njano ni za mifuko ya hewa, usiziguse wala kuzirowesha. Gari la haibridi lenye tundu la hewa kando ya siti ya nyuma, kama Prius, tundu hilo hupooza betri kubwa. Liwekee plastiki kabla ya kuanza.

Ukungu

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo msimu wangu wa kazi. Mtu amesafiri wiki tatu, gari limefungwa vioo, anarudi anakuta usukani na mikanda imevaa unga mweupe. Kuvu wanataka vitu viwili: unyevu na chakula. Chakula ni jasho, makombo, na kile unachokipaka mwenyewe. Wanaopangusa siti kwa mafuta ya nazi ndio wa kwanza kuniletea magari. Mafuta ya nazi hayaingii ndani ya ngozi yenye utando; yanakaa juu, yanashika vumbi, yanachacha, na kuvu wanakula.

Egesha kivulini penye upepo, fungua milango yote, vaa barakoa. Usipige brashi kavu, maana ule unga ni mbegu na utaurusha hadi darini. Pangusa kwa kitambaa kibichi, kila ukipangusa mara moja geuza upande, na kikijaa kitupe. Kwa plastiki, kitambaa na mikanda, siki na maji nusu kwa nusu. Kwa ngozi, sabuni laini kwanza, kisha siki hiyo hiyo kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, kisha maji safi. Mkanda uvute wote mpaka mwisho, ubane na kibanio cha nguo usirudi, uoshe, na usiuachie kabla haujakauka kabisa.

Klorini hapana. Najua inaua kuvu. Inaua na rangi ya siti, na nyuzi za mkanda inazidhoofisha, na mkanda ule siku moja utatakiwa kumshika mtu. Tena kuna jambo la hatari zaidi: ukitia klorini pahala ulipotia siki, au pahala mtoto alipokojoa, hutoka hewa ya sumu, na ndani ya gari hakuna pa kukimbilia. Mie mwenyewe miaka ya mwanzo niliwahi kupaka klorini kwenye zulia lililokojolewa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikikohoa, macho yakichuruzika, na zulia la kijivu likabaki na kiraka cha rangi ya waridi ambacho mwenye gari hakunisamehe.

Vile vikopo vya kunyonya unyevu vinasaidia gari likilala muda mrefu, lakini vikijaa huwa na maji ya chumvi kali. Viweke sakafuni, ndani ya bakuli. Kimoja kikimwagika kwenye ngozi, ngozi hujikunja.

Inanuka, na umeshasafisha

Harufu ina anuani. Ukiikosa anuani utapaka dawa nyumba ya jirani.

Samaki na pweza: gari lililopita sokoni Malindi, hapa mjini kwetu, na mfuko uliotoboka. Usitumie maji moto, yanapika ule utomvu ukashika kwenye nyuzi. Maji baridi kwanza, kisha siki au ndimu iliyochanganywa na maji. Harufu ya samaki huvunjwa na uchachu, ndiyo maana jikoni samaki haandaliwi bila ndimu. Baada ya hapo, kikikauka, nyunyiza bekingi soda usiku kucha na uivute kwa mashine asubuhi. Bekingi soda, si magadi. Magadi ni makali mara nyingi zaidi na yataondoka na rangi.

Maziwa, matapishi na mkojo: hapa ndipo pesa ya dawa ya vimeng'enya inapolipa. Vimeng'enya hukata kile kinachooza chenyewe, badala ya kukifunika. Lakini vinataka muda na vinataka kubaki vibichi, saa kadhaa chini ya taulo bichi. Mtu anayepulizia na kupangusa baada ya dakika mbili amepoteza pesa. Na usivipake juu ya klorini, vitakufa. Kwa ngozi ya mnyama soma kwanza karatasi ya chupa, maana ngozi nayo ni protini na baadhi ya dawa hizi hazikuundwa kwa ajili yake.

Harufu ya soksi mbichi dakika ya kwanza ukiwasha AC, kisha ikapungua: siti zako hazina kosa. Ni chujio la hewa na kile kipoozeo kilicho nyuma ya dashibodi. Kwenye Toyota nyingi chujio liko nyuma ya kabati la mbele ya abiria, unashusha kabati, unachomoa. Niliwahi kuchomoa moja lililojaa majani makavu ya mti ambao hauoti Unguja. Halikuguswa tangu Japani. Chujio jipya, na dakika tano kabla ya kufika nyumbani zima AC uache feni ikaushe.

Zulia la upande wa abiria wa mbele lina maji na hajanywa mtu humo: angalia chini ya gari AC ikiwa inafanya kazi. Kwa unyevu wetu maji lazima yadondoke. Kama hayadondoki nje, mrija umeziba na yanadondokea ndani. Fundi wa AC huuzibua kwa upepo. Sabuni haihusiki.

Udi, sisemi kitu. Ila ufukize ukiwa umesafisha, si badala ya kusafisha.

Ina nyufa, au inamenyuka

Watu huchanganya haya mawili na kununua krimu moja.

Nyufa nyembamba kwenye ngozi, hasa ukingo wa kiti cha dereva anapoingilia: jua limekausha utando na msuguano umeupasua. Ndani ya gari lililofungwa juani, dashibodi huvuka nyuzi 60. Krimu ya kulainisha itafanya ionekane nzuri siku tatu. Haiwezi kuunganisha kilichopasuka. Tiba ni kwa fundi wa siti: anajaza nyufa, anapiga rangi, anafunga kwa utando mpya. Krimu inafaa kwa ngozi ambayo bado nzima, kidogo tu, mara mbili au tatu kwa mwaka, na baada ya kuosha. Ukipaka juu ya uchafu umeukaanga.

Inabanduka vipande vyembamba kama mgongo wa mgeni aliyelala ufukweni Nungwi siku ya kwanza: hiyo ni leza ya bandia, na imekwisha. Joto na unyevu huvunja plastiki ya aina hiyo kutoka ndani, hata kama gari limekaa tu. Hakuna chupa. Ivishe siti nguo mpya, na pesa ya krimu iongezee hapo.

Inang'aa, inanata, inatia rangi nguo

Siku ya Idi jamaa yangu aliniazima gari twende Mnazi Mmoja. Alikuwa amelisafisha mwenyewe, siti nyeusi zinametameta. Tulipoteremka nikaona watu wananiangalia mgongoni. Kanzu yangu nyeupe, mpya, ilikuwa na mbavu mbili nyeusi kutoka mabegani hadi kiunoni, mchoro kamili wa mshono wa siti. Alikuwa amepaka dawa ya viatu.

Dawa ya viatu ni nta na rangi. Kwenye kiatu inasuguliwa na hailaliwi. Kwenye siti ina joto, jasho na mgongo wa mtu. Kuitoa: sabuni laini ya vuguvugu, brashi laini ya nywele, povu kidogo, pangusa, rudia hata mara tano mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Usifupishe kwa petroli au mafuta ya taa. Yanatoa rangi ya siti pamoja na dawa, na mvuke wake ndani ya gari ni moto unaosubiri cheche.

Dawa za silikoni za kung'arisha dashibodi zina kosa dogo zaidi lakini la kila siku. Zinashika vumbi, na mchana zinapiga kioo cha mbele kwa mwanga hadi huoni barabara ya Bububu. Ule utando wa mafuta ndani ya kioo, unaoonekana usiku taa za wenzako zikikukabili, sehemu yake inatoka huko. Futa kwa kitambaa kibichi na siki kidogo, kisha kikavu. Kama vioo vina tinti, usitumie dawa yenye amonia, itaivuruga tinti.

Usukani unaonata: kwanza ni mafuta ya mikono na losheni, unatoka kwa sabuni laini na mswaki mzee. Ukinata tena siku ya pili baada ya kuosha vizuri, ni utando wenyewe unaoyeyuka, na dawa za kusafishia mikono zenye spiriti huuharakisha. Hapo nunua kava.

Alama za wageni na za harusi

Viganja vyeupe mlangoni na juu ya plastiki nyeusi ni losheni ya kukinga jua. Toa siku hiyo hiyo kwa maji vuguvugu na sabuni. Ikiachwa wiki, mafuta yake hulainisha utando wa ngozi na alama haiondoki tena. Kwenye plastiki ngumu unaweza kumalizia kwa spiriti ya asilimia 70 kwenye pamba. Kwenye ngozi usianze nayo: hutoa wino wa kalamu, kweli, na chini ya wino hutoa rangi ya siti. Ukilazimika, pamba ndogo, gusa tu, tazama pamba. Ikitoka na rangi ya siti, acha hapo hapo.

Kanga mpya ikiwa mbichi hutoa rangi kwenye siti nyeupe. Kwa leza yenye utando, sabuni laini ndani ya saa chache hutosha.

Hina ndiyo inayonitesa. Bibi harusi anapelekwa, mikono haijakauka, mkono unagusa siti. Usipanguse! Ikwangue kwa kadi ya simu ya zamani bila kuisambaza, ndipo ufute kilichobaki kwa maji baridi na tone la sabuni. Kwenye ngozi yenye utando mzima itatoka. Kwenye kitambaa, au ngozi iliyo wazi, ni rangi na imeshapaka; naweza kuififisha, siwezi kuiondoa, na hilo namwambia mwenye gari kabla sijachukua pesa yake.

Pemba wana lao wakati wa karafuu. Magunia yakikaa juu ya plastiki nyeupe na joto likipanda, mafuta ya karafuu hulainisha aina fulani za plastiki na kuacha pahala palipofifia. Tandika turubai chini. Palipokwisha kufifia, hakuna cha kusugua.

Na duara linalobaki baada ya kusafisha doa dogo katikati ya siti, ambalo kila mtu hudhani ni doa limerudi: si doa, ni mpaka wa maji. Loanisha kipande kizima, kutoka mshono hadi mshono, kwa maji yale ya mvua, kausha kwa taulo, na ukaushe chote kwa pamoja na feni ya mezani ukiipitishia waya dirishani.